Sura ya Sita: Shilingi Zenye Mwezi

Mjinga wa Jumanne ile alikuwa Inspekta Ishmael Shueib. Msimtafute mwingine. Yeye mwenyewe alikiri, ila alikiri Ijumaa asubuhi, wakati ujinga wake ulikwisha kumlaza mzee wa watu juu ya saruji.

Mambo yalianza usiku wa Jumapili, mvua ikinyesha kana kwamba imelipwa. Duka la Gulled, pale sokoni Kenyenya, lilivunjwa mlango wa nyuma. Mlinzi wake, Abner, alipigwa rungu la kichwa, akabebwa hadi hospitali mjini Kisii, na tangu hapo hakufumbua jicho. Sanduku la pesa likatoweka. Jumanne, mzee Onchiri wa Nyacheki akaingia duka lile lile, akaagiza misumari na waya wa kufungia, akalipa kwa shilingi na mapeni ya senti kumi. Kila sarafu ilikuwa na mwezi mwandamo ukingoni: mweusi kwenye shilingi, kijani kibichi kwenye mapeni.

Ishmael alikuwa amesimama pale pale, akimhoji Gulled kwa mara ya tatu. Akaichukua shilingi moja mezani.

"Gulled, pesa za namna hii umewahi kuziona?"

"Nimeziona, wallahi. Kwenye sanduku langu zimejaa."

"Kwa hiyo ni alama yako?"

Gulled akafungua mdomo, lakini Inspekta alikwisha kuandika: *alama ya duka*. Akatoa pingu.

Sasa, ni mwizi gani anayerudi kwa aliyemwibia, akamsalimu, akamlipa kwa pesa zake mwenyewe? Mtoto wa darasa la tatu angecheka. Ishmael hakucheka. Alipigiwa simu na wakubwa wa Kisii wakampongeza, naye akapongezeka. Isitoshe, muuza mkaa mmoja alisema alimwona Onchiri alfajiri ya Jumatatu, matope hadi mapajani, koti limevutwa upande mmoja kwa uzito wa mfuko. Na mzee mwenyewe hakusaidia. Alipoulizwa usiku ule alikuwa wapi, alijibu, "Nilikuwa." Alipoulizwa pesa alizitoa wapi, alijibu, "Ni pesa."

Wizi wa mabavu. Sheria mpya ya kosa hilo haikuwa na mzaha: ni kamba. Na Abner akifa hospitalini, itakuwa kamba juu ya kamba.

Ijumaa asubuhi Ishmael alikuwa ofisini, katika kambi ndogo ya polisi nyuma ya soko, akitayarisha vielelezo. Gari la magereza lilikuwa lije mchana kumchukua Onchiri kumpeleka Kisii. Mwendesha mashtaka alitaka mchoro wa ile alama, ili hakimu aione bila kukodoa macho. Kazi nyepesi. Ishmael aliweka karatasi nyembamba juu ya sarafu, akasugua kwa penseli, mwezi ukajitokeza. Akasugua ya pili. Akasugua ya tatu. Akainuka, akaenda dirishani, akarudi, akasugua ya kwanza tena.

"Nyangau! Njoo hapa."

"Afande, chai inapoa."

"Iache ipoe. Mwezi huu na huu ni mmoja?"

Konstebo Nyangau, mwenyeji wa Nyacheki, Msabato, mtu mzima mwenye tumbo la heshima, aliinama juu ya meza kikombe mkononi.

"Huu mwembamba, huu mnene. Huu wa siku ya pili, huu wa siku ya sita. Lakini afande, nyinyi Waislamu ndio hupanda kilimani kuangalia mwezi. Mimi unaniuliza kwa nini?"

"Mtu akijitengenezea alama hutengeneza moja. Akiwa na patasi, ni patasi ile ile. Akiwa na dawa, ni kipimo kile kile. Hapa hakuna miwili inayofanana."

"Labda Gulled mkono unamtetemeka."

Ishmael alikuwa hatulii. Vidole vyake vilikuwa vikiizungusha shilingi moja safi, ya mfukoni mwake mwenyewe, na kwa kuizungusha huko akaiangusha juu ya peni lenye mwezi. Akataka kuiondoa. Hakuiondoa. Aliisukuma kwa ncha ya ukucha, taratibu, mpaka ukingo wake ukakaa juu ya ukingo wa ndani wa ule mwezi wa kijani. Ulikaa kama kifuniko juu ya sufuria yake.

"Tazama hapo. Peni ni kubwa kuliko shilingi, sivyo?"

"Ni kubwa. Ndiyo maana watoto hulipenda."

"Na upinde wa huu mwezi ni upinde wa shilingi, si wa peni. Sasa nipe lile lingine." Akajaribu shilingi juu ya la pili, haikukaa. Akajaribu peni juu ya peni, likakaa. "Nyangau, hakuna aliyechora hapa. Hizi pesa zimechorana zenyewe."

Konstebo alitua kikombe.

"Zililazwa moja juu ya nyingine, zikipandana kama mabati ya paa," Ishmael alisema, na sasa alikuwa akitembea kutoka mlangoni hadi dirishani. "Kila moja ikafunikwa na mwenzake, ikabaki ukingo mmoja nje. Palipofunikwa pakabaki safi. Palipobaki nje pakaliwa na kitu. Kitu kinachong'ata polepole. Na hazikutikiswa, maana zingetikiswa mwezi ungevurugika."

"Kitu gani?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Dirishani palikuwa na makopo manne matupu ya mafuta ya kupikia, kila moja na sarafu iliyolowekwa dawa yake, ambayo Ishmael aliyaweka tangu alipomkamata mzee, akitaka kumweleza hakimu jinsi Gulled anavyotia alama yake. Nyangau alikuwa akiyaita shamba la serikali. Kopo la chumvi lilikuwa limeitia shilingi madoa kama surua. La mafuta ya taa halikuleta kitu ila harufu. La magadi lilileta ukungu wa samawati uliosambaa sarafu nzima. La utomvu wa mgomba lilileta weusi wa kuvutia, Ishmael akafurahi, kisha akaukwangua kwa ukucha ukabanduka wote.

Alichukua kioo cha kukuzia, akaiinamia shilingi ya Onchiri. Ule weusi haukuwa mtupu. Ndani yake mlikuwa na mistari myembamba, imekatizana ovyo, mifupi, kama nyasi zilizokatwakatwa zikagandamizwa. Akaitazama ya pili. Nayo vivyo hivyo.

"Kitu hicho kina majani," alisema. "Chukua kofia yako. Twende kwa Gulled."

"Gari la magereza linakuja mchana, afande."

"Ndiyo maana sijakaa."

Gulled aliwapokea kwa mikono miwili na malalamiko kumi. Tangu wizi alikuwa akitia pesa kwenye debe la unga wa maziwa, chini ya kaunta. Mkewe Samsam alikuwa amekaa kando, juu ya gunia la sukari, akipima chumvi kwa wanawake wawili bila kuinua macho.

"Nionyeshe unavyoweka pesa," Ishmael alisema.

"Naweka? Natupa!" Gulled akachota sarafu kwenye droo, akazitupa ndani ya debe. Zililia, zikalala kila moja na upande wake.

"Na lile sanduku lililoibiwa?"

"Vivyo hivyo. Na kila jioni nilimwaga, nikahesabu, nikatia tena. Bwana mkubwa, mwizi umemkamata, sasa unataka kunifundisha kutunza pesa?"

Ishmael aliuinamia ule mdomo wa debe. Pesa zinazomwagwa kila jioni haziwezi kuota mwezi. Basi akauliza lile swali la pili, ambalo Jumanne lilimpita.

"Uliniambia sarafu zenye mwezi zimejaa kwenye sanduku lako. Zilifikaje humo?"

"Zilikuja."

"Kutoka wapi?"

"Kwa wateja! Duka hupata pesa wapi, kwenye mvua?"

"Mteja yupi?"

Gulled akakuna kidevu. Samsam akakata kamba ya kifurushi kwa meno, akasema bila kugeuka, "Mwanamke wa Nyacheki. Mrefu, ana pengo la meno mawili chini. Mimi nilizikataa mara mbili, huyu bwana akazipokea, ati pesa ni pesa."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Krismasi. Kila akija, sabuni, sukari, kiberiti. Hakopi. Mume wake yuko Kericho kwenye majani chai, huko wanakolipwa mwisho wa mwezi na kulewa mwanzo wa mwezi."

"Mama, kwa nini hukuniambia Jumanne?"

"Uliniuliza? Ulimwuliza Gulled, halafu ukamjibia."

Wale wanawake wawili wakaangaliana, wakacheka ndani ya leso zao. Nyangau naye alipata jambo la kuangalia darini.

Ishmael alitoka nje, akasimama kwenye matope mbele ya duka. Alikuwa ameufuata mto, tena kwa bidii, ila aliufuata kwa kupanda. Alidhani pesa zilitoka kwa Gulled zikaenda Nyacheki. Zilikuwa zikitoka Nyacheki zikija kwa Gulled, tangu kabla ya Krismasi, sabuni kwa sabuni.

"Mrefu mwenye pengo," alimwambia Nyangau walipopanda Landrova. "Unamjua?"

Nyangau alifunga mlango wa gari kwanza. "Ni Nyanchera. Mke wa Nyasani."

"Nyasani ni nani?"

"Mtoto wa kwanza wa Onchiri."

Landrova ilipiga kona, ikateleza, ikanyooka. Ishmael alikuwa akiikanyaga kama mtu aliyesahau kuzima jiko. Kwa hiyo mzee alikuwa na pesa za mkaza mwana wake. Alipewa? Aliziiba? Na kama alipewa, kwa nini aone afadhali kamba kuliko kusema maneno matatu: *ni za Nyanchera*?

Boma la Onchiri lilikuwa mgongoni mwa kilima, migomba nyuma, mistari ya chai michanga mbele. Nyumba ya mzee ilikuwa juu, na ya mwanawe chini yake, mbali kiasi cha kuitana. Ile ya chini ilikuwa imeachama. Ukuta mmoja mzima haukuwapo. Fito zilisimama wazi kama mbavu, na uani mwanamke mrefu alikuwa akikanyaga udongo kwa miguu mitupu, akichanganya na mavi ya ng'ombe na majani makavu yaliyokatwa. Alipoona sare alisimama, akashusha nguo hadi kwenye vifundo.

"Mama Nyanchera?"

"Ndiye mimi."

"Ukuta ulianguka lini?"

"Usiku wa ile mvua kubwa. Mimi sikuwepo. Nilikuwa Nyamira kwetu, mama anaugua. Nimerudi jana."

Ishmael alipita kwenye lile pengo, akaingia ndani. Alipogeuka aliona yuko peke yake. Konstebo wake alikuwa amesimama nje, nyuma ya mstari uliokuwa ukuta, akiwapa mgongo.

"Nyangau, ingia ushike futi."

"Siwezi, afande."

"Umeteguka?"

"Onchiri na mimi ni ukoo mmoja. Mume wa huyu mama, kwa hesabu yetu, ni mwanangu. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hata akiitwa. Hata kukiwa na chakula, na unanijua mimi na chakula." Hakuwa akitania. "Ndiyo chinsoni, afande. Heshima ya baba na mkaza mwana. Akiivunja, anadaiwa mbuzi, na wazee wanaitwa, na watu wanaisema miaka yote."

Mtoto wa mjini Kisii, aliyezaliwa na kulelewa nyuma ya msikiti, Ishmael aliwahi kulisikia neno hilo kama mtu anavyosikia mvua ya kijiji kingine. Alilitia akilini, akaendelea na kazi.

Ndani, pale ukuta ulipotoka, kulikuwa na kitanda kilichofunikwa kwa gunia. Paa lilipaswa kuwa limelala juu ya kitanda hicho. Halikulala. Nguzo mbichi mbili zilikuwa zimelichukua, zimefungwa kwa kamba za mgomba, fundo juu ya fundo, kazi ya mtu aliyefunga gizani na kuogopa. Kamba zilikuwa zimekauka zikiwa zimevimba. Zilifungwa zikiwa zimelowa chapa chapa. Aliyezifunga alisimama ndani. Hapakuwa na namna nyingine, maana kwa nje mkono usingefika. Na alizifunga mvua ikinyesha, kwa sababu paa lile lisingengoja asubuhi.

"Nani aliliegemeza paa?" aliuliza.

"Nilikuta limeegemezwa."

"Hukuuliza?"

"Kuna maswali ambayo mkaza mwana haulizi," alisema Nyanchera, akarudisha mguu mmoja kwenye udongo.

Ishmael aliutazama ule mguu. Udongo, mavi ya ng'ombe, majani yaliyokatwakatwa. Akatoka mbio kama aliyechomwa. Kando ya uwanja kulikuwa na lundo la ukuta wa zamani, mabonge yaliyokusanywa kwa jembe. Alipiga magoti na suruali yake ya pasi, akaanza kuyavunja. La kwanza, majani tu. La pili, majani na ufito. Nyangau alikuja kumsimamia, akamwuliza kama serikali sasa inanunua matope. La tano lilipasuka sawasawa kama mkate, na ndani yake, kwenye uso laini, Mzee wa kwenye shilingi, Rais mwenyewe, alikuwa akimngoja, amechimbwa kwa ndani, anaangalia upande usio wake, na maandishi yote yamegeukia kushoto. Chini yake kulikuwa na upinde mwingine. Na chini ya huo, mwingine. Zimepandana kama magamba ya samaki.

Alilibeba bonge kwa mikono miwili, akaliweka mbele ya Nyanchera. Akatoa shilingi moja ya Onchiri mfukoni, akailaza kwenye chapa yake. Sehemu nyeusi ilikaa kwenye udongo. Sehemu safi ilibaki juu, pale mwenzake alipoilalia.

Mwanamke alikaa chini.

"Ziko wapi nyingine?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Nilidhani zimekwenda na maji."

"Ulizikandika ukutani."

"Nilipokandika nyumba, muda mrefu kabla ya Krismasi. Nilizipanga zikipandana ili ukuta usivimbe. Ni za ndizi, na za kuchuma pareto ya watu. Nikitaka sabuni, nabandua kidogo, naziba." Alimtazama Inspekta moja kwa moja. "Mume wangu akija na mshahara, anakuja na kiu. Kiu ikizidi mshahara, inatafuta ndani ya nyumba. Ukutani haijawahi kutafuta."

"Unajua kwa nini baba mkwe wako yuko ndani?"

"Nimeambiwa ni duka. Sikuambiwa ni kwa pesa gani."

"Ni kwa hizi."

Nyanchera aliitazama ile shilingi, kisha nguzo mbili zilizobeba paa, kisha njia ya kwenda juu, kwa mzee. Alinawa miguu kwa haraka, akajifunga leso, akapanda nyuma ya Landrova kabla hajaalikwa.

Gari la magereza lilikuwa limekwisha fika. Lilisimama mbele ya kambi, injini inaunguruma, na dereva wake alikuwa akipiga honi kwa sababu alikuwa na honi. Mezani kulikuwa na ujumbe wa simu kutoka Kisii: hali ya Abner si nzuri, daktari hatoi ahadi.

Ishmael aliagiza mzee aletwe ofisini. Nyanchera alikataa kuingia. Alisimama nje, chini ya dirisha, mgongo kwenye ukuta, ili yeye na baba mkwe wake wasitazamane chumba kimoja juu ya jambo kama hili.

Onchiri aliletwa. Alikuwa mtu mkavu, mrefu, koti la kijeshi la zamani limemning'inia. Alikaa pale alipoonyeshwa. Ishmael aliweka lile bonge la udongo mbele yake, na shilingi ndani yake, akamweleza yote: mwezi, kupandana, mavi ya ng'ombe, Krismasi.

"Kwa hiyo pesa si za Gulled. Hilo nimelimaliza mimi, na makosa ni yangu, nakuomba radhi, mzee wangu."

"Asante. Basi nifungulie."

"Bado. Muuza mkaa amekuona alfajiri na matope. Hakimu ataniuliza usiku ule ulikuwa wapi. Nami najua ulikuwa wapi. Nimeona nguzo, nimeona mafundo. Mwenyeji hakuwepo. Ulisikia ukuta ukianguka, ukateremka na mvua, ukashika paa la mwanao usiku kucha lisivunje nyumba. Kulipopambazuka ukaona pesa kwenye matope, ukaziokota, ukaenda kununua misumari ya kumjengea mwenyewe ukuta wake. Kweli au si kweli?"

Mzee alitazama mikono yake.

"Sema ndiyo tu. Neno moja, nami namfukuza yule mtu na honi yake."

"Siwezi kusema hiyo."

"Kwa nini?"

"Nikisema, nimeingia nyumba ya mwanangu. Nimesimama kwenye kitanda chake." Alionyesha kalamu ya Inspekta kwa kidevu. "Andika nilivunja duka."

"Nini?"

"Andika nilivunja duka. Mtu akivunja duka, watu wanasema, alikuwa mwizi, kwisha. Hiyo nyingine haiishi. Wajukuu wangu wataikuta."

"Mzee Onchiri, watakunyonga!"

"Wataninyonga mimi. Hawatamnyonga mkaza mwana wangu kwa macho ya watu kila siku sokoni."

Ishmael alitembea kutoka ukuta hadi ukuta. "Nyangau, zungumza na ndugu yako. Mwambie kwa lugha yenu kwamba huu ni wendawazimu."

Konstebo alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu lilishonewa humo.

"Afande, mzee yuko sawa."

"Wewe nawe!"

"Mimi ningekuwa yeye, ningesema hivyo hivyo. Ningelia, lakini ningesema hivyo hivyo. Pale uliona mimi mwenyewe sikuingia, na mimi nilikuwa nimetumwa na serikali."

"Mtu akiokoa nyumba isianguke, hilo nalo ni kosa?"

"Chinsoni haiulizi ulifuata nini ndani," Nyangau alisema kwa huzuni. "Inauliza kama uliingia."

"Niliingia," Onchiri alisema. "Miguu yote miwili. Sitadanganya mbele ya Mungu, na sitasema mbele ya hakimu. Kwa hiyo andika duka."

Honi ililia tena. Mlangoni askari wa magereza alichungulia, akauliza kama mzigo uko tayari, na Ishmael akamwambia neno ambalo halikufundishwa madrasani. Kisha akaketi, mara ya kwanza tangu asubuhi, mbele ya karatasi tupu, kalamu mkononi, hana la kuandika. Alikuwa ameshinda hoja ya sarafu na anapoteza mtu.

"Mzee wangu," alijaribu tena, polepole, "tutafute mbuzi. Mimi nitamnunua. Wazee wataitwa, utasafishwa, yataisha."

"Mbuzi anasafisha aliyekosea bila kujua. Mimi nilijua. Nilisimama mlangoni nikafikiri, halafu nikaingia."

"Hukusimama mlangoni, tata," ilisema sauti nje ya dirisha, ikimwita mzee baba kwa lugha yao.

Wote watatu waligeukia dirisha. Nyanchera hakugeuka, walikiona kisogo chake tu, na leso iliyofungwa kwa nguvu.

"Mama, haya ni ya wanaume," Nyangau alisema.

"Nyumba ni yangu. Mlango wangu niliufunga kwa kufuli nilipokwenda Nyamira, na jana niliukuta umefungwa kwa kufuli, na ufunguo ninao hapa kifuani. Nani aliyepita hapo?"

"Sikupita mlangoni," Onchiri alisema, na sasa alikuwa karibu kukasirika. "Nilipita kwenye ukuta. Usinitetee, mwanangu. Nilivuka ukuta, nikaingia ndani."

"Ukuta upi?" alisema Nyanchera. "Ukuta ulikuwa umelala uani, tata, na mvua na mbuzi wa jirani wote walikuwa kitandani kwangu. Pale palikuwa nje kama barabara. Sasa mwambie Inspekta ni nyumba gani uliyoingia, au unyamaze twende nyumbani, udongo wangu unakauka."